UZI: Kumjenga shujaa wa kike anayeibeba hadithi mwenyewe

#1 KalamuNyekundu

Wadau wa fasihi, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika riwaya na hadithi fupi zenye shujaa wa kike, na wa wasomaji wanaozienzi kazi za waandishi wanawake. Nianze na kasoro inayoziua hadithi nyingi za mitandaoni: jina la mwanamke liko juu kabisa, lakini hadithi inabebwa na baba, mume, bosi na mchumba. Yeye yupo ili mambo yampate.

Kuna kipimo kisichodanganya. Chapa kurasa zako kumi za mwanzo, kisha upige mstari chini ya kila kitenzi ambacho shujaa wako ndiye kiima chake. Tenga vya kutenda na vya kutendwa. Alizaliwa, alilelewa, alipelekwa shule, aliachishwa shule, aliozwa, alipigwa, alifukuzwa, akaokolewa. Ukiona orodha yako inakwenda hivyo, bado huna shujaa.

Sisemi kauli ya kutendwa ipigwe marufuku. Wanawake wengi wametendewa mengi, na kuyaficha ni uongo. Ninachosisitiza ni kwamba kila anapotendwa jambo kubwa, kabla ukurasa haujaisha awe amefanya la kwake kulijibu, hata likiwa dogo, hata likiwa kosa. Kosa lina faida zaidi, maana ndilo litakalozaa tukio linalofuata.

Tazameni Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Anaozwa akiwa na miaka kumi na mitano kwa Bwana Raza, mtu wa makamo aliyemzidi mno umri. Mwandishi asiye na subira angetumia sura tano kumliza. Shafi anamfanya amkimbie mume, jamaa zake wampe kisogo, aangukie mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma. Kuanzia hapo kila anachochagua kina gharama, na sisi tunafungua ukurasa ili tujue atalipaje.

Kabla hujaandika sura ya kwanza, jibu haya kwenye karatasi moja. Anataka nini wiki hii? Usiandike "furaha" wala "haki". Andika kitu kinachoshikika: kurudishiwa cheti chake cha kuzaliwa kilichofungiwa kabatini kwa shemeji, kulipa ada ya mtihani kabla ya Ijumaa, kuvuna shamba la marehemu mumewe kabla wakwe hawajaliuza. Nani anamzuia, na huyo anayemzuia ana sababu gani ambayo mwenyewe anaiona ya haki? Shujaa atapoteza nini akithubutu? Anajua nini ambacho wengine hawakijui? Hilo la mwisho hudharauliwa sana, na ndilo linalompa mwanamke asiye na cheo nguvu ya kusukuma hadithi.

Mfano mzuri ni Mangwasha katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Ni karani katika ofisi ya chifu. Kazi yenyewe ndiyo inayomweka karibu na siri za wakubwa. Angekuwa muuza mboga sokoni, mwandishi angelazimika kutafuta mtu wa kuja kumnong'oneza kila jambo. Chagueni kazi ya shujaa kwa kuangalia anaweza kusikia nini na kushika karatasi gani.

#2 Mdigo_Msomaji

Mkuu, hoja nzito. Ila nina swali. Kama hadithi imewekwa mwambao wa karne ya 19, au kijijini ambako binti hatoki ndani bila ruhusa, huo uamuzi atautoa wapi? Nikimfanya mkaidi, wasomaji watasema nimempachika akili ya leo.

#3 BintiShela

Kaka Mdigo, jibu la swali lako limo kwenye utenzi unaojulikana na wengi kuliko wanaousoma kwa makini. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga wasia wake kwa binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858. Watu wamebishana sana kuhusu mawaidha yake juu ya mume na utii. Kwa leo yaache, uangalie alivyoujenga mwanzo.

Mama ni mgonjwa, ugonjwa umemkamata mwaka mzima. Anamwita binti asogee, akae, alete wino na karatasi, kwa sababu ana maneno moyoni. Hapo una msemaji, msikilizaji, sababu ya kusema, na saa inayokimbia, maana mgonjwa anaweza kufariki kabla hajamaliza. Mawaidha ambayo yangekuwa makavu yamepata joto la tukio. Mwanamke yumo ndani ya kuta nne, hatoki, wala hamgombezi mtu, lakini ameshika jambo kubwa: anaamua ni nini kitakachobaki baada yake na nani atakirithi. Na anaagiza kiandikwe.

Kwa hiyo usitafute ukaidi, tafuta nafasi aliyonayo. Mwanamke aliyefungiwa bado anaamua nani apewe habari na nani anyimwe, barua ipi ifike na ipi ipotee, mgeni apokewe vipi, mtoto aambiwe ukweli upi, dhahabu ya mahari iwekwe kwa nani. Andika orodha ya mambo ishirini anayoweza kuyafanya bila kuvuka mlango. Kumi ya kwanza yatakuwa ya kawaida. Hadithi yako iko kwenye kumi la pili.

Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Baba yake, Maksuudi, amemfungia ndani, na mwandishi anatuonyesha kwanza jinsi nyumba ilivyo na jinsi mtu mzima mmoja mwenye huruma anavyoweza kuufungua ufa. Anapotoka tunaamini, kwa sababu tumeshazihesabu kuta pamoja naye.

#4 MhaririWaUsiku

Naongeza upande wa lugha, kwa sababu makosa mengi ya shujaa wa kike huanzia kwenye nyakati za vitenzi.

Kiambishi -ka- ni chombo chetu bora cha kusimulia, ila kina hatari yake. "Rukia akaolewa, akazaa watoto wawili, akaachwa, akarudi kwao." Miaka sita imekwisha kwa mstari mmoja. Kwa ngano ya mdomo inatosha, kwa sababu mtambaji ana sauti na uso wa kujazia. Kwenye karatasi umemvusha msomaji juu ya mambo manne aliyotaka kuyaona. Tumia mfululizo wa -ka- kuvuka muda usio na uzito, kisha usimame pale penye uamuzi. Ukisimama, badilisha mwendo kwa -ki- na -kuwa aki-, ulete vitu vya mkononi, uache dakika tatu zichukue ukurasa mzima.

Kwa kukadiria: riwaya ya maneno 50,000 ikigawanywa sura 20 inakupa maneno 2,500 kwa kila sura. Hapo maamuzi makubwa ya shujaa yawe matano au sita, na kila moja lipewe si chini ya maneno 1,000 ya papo kwa papo. Hadithi fupi ya maneno 2,000 hadi 4,000 inabeba uamuzi mmoja tu. Ukiweka mitatu, yote itakuwa muhtasari.

Pili, hisia. "Rukia alihuzunishwa sana na maneno ya mumewe" ni taarifa. Linganisheni na hii: "Rukia aliendelea kuchambua mchele. Chuya alizokuwa ameziweka kando, alizirudisha moja moja ungoni." Sikutaja huzuni, na mtu yeyote aliyewahi kuchambua mchele ameshajua kuna jambo.

Tatu, tafuteni kwenye kompyuta neno "ghafla" na maneno "alijisemea moyoni". La kwanza lifuteni popote lilipo, msome tena. Mara nyingi sentensi inapata nguvu. La pili liacheni mara moja kwenye sura, kisha mawazo yake yaingie moja kwa moja kwenye masimulizi: "Mlango uligongwa tena. Angefungua? Na mama mkwe yuko uani?" Msomaji anajua ni nani anayewaza.

#5 Mdigo_Msomaji

Asante, dada BintiShela, na mhariri pia. Hilo la orodha ya ishirini nalichukua. Na kuhusu yeye na yeye? Nikiwa na wanawake watatu kwenye chumba kimoja, "alimtazama akamwambia amwache" haieleweki kabisa.

#6 MhaririWaUsiku

Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume kwenye a- wala m-, kwa hiyo kila mandhari yenye watu zaidi ya wawili lazima ipangwe. Njia ya kwanza ni kumpa kila mmoja kazi ya mikono: mmoja anasuka, mmoja anasukwa, mmoja anapepea jiko. Ukisema "msusi alinyamaza" hakuna anayepotea. Njia ya pili ni kutofautisha wanavyoitana. Mtu mmoja ataitwa Rukia na mama yake, Mama Faridi na majirani, wifi na dada wa mumewe, mke wangu au bibiye na mumewe. Kila jina la wito linamtambulisha msemaji bila kuongeza "alisema fulani". Njia ya tatu ni huyu na yule, lakini si zaidi ya mara moja kwa aya.

Hali hiyohiyo ina manufaa. Unaweza kumwingiza nahodha, daktari au jaji kwa nusu ukurasa bila kutaja kama ni mwanamke, kisha mtu amwite "mama" na msomaji agundue alikuwa amekwisha kumvika ndevu. Fanyeni mara moja tu katika kitabu kizima, na isizidi ukurasa mmoja. Ikizidi, msomaji ataona anachezewa.

#7 Mama_Ukili

Nimefurahi kuona mchele na ungo hapo juu, maana kazi za wanawake zinaandikwa ovyo mno, hata na waandishi wanawake wenyewe. Ukimweka shujaa jikoni, jikoni pawe na kweli.

Mpishi wa nazi anakuna kwenye mbuzi, anachuja kwa kifumbu au chujio. Tui la kwanza ndilo zito. Chicha anaziongezea maji na kukamua tena, anapata tui jepesi. Chakula kinaivia kwenye tui jepesi. Lile zito linatiwa mwishoni kwa moto mdogo, huku akikoroga taratibu, lisikatike. Sasa angalia mwandishi anavyoweza kulitumia. Barua imeingia, shujaa anasoma akiwa amesimama, mwiko umesimama, tui limekatika. Mume anaonja na kuuliza kulikoni. Anayejua kupika amekwisha kuelewa ukubwa wa barua ile. Ukiandika kwamba alitia tui zito mwanzoni akaenda zake kuoga, umempoteza kila msomaji wa mwambao, na hatakuamini tena utakapomsimulia mapenzi.

Kanga nayo. Ina pindo, mji na jina, na huuzwa kwa doti, vipande viwili. Mwanamke ambaye hawezi kumjibu wifi yake mdomoni anaweza kumjibu kwa jina la kanga aliyojifunga siku ya shughuli. Hayo ni mazungumzo kamili: kuna aliyesema, kuna aliyesoma, kuna waliotazamana. Lakini mwandishi asilitafsiri fumbo. Aandike jina la kanga, kisha atuonyeshe mkono wa wifi unavyoacha kugawa pilau. Kanga moja kwa hadithi inatosha. Zikiwa nne inakuwa duka.

Pia shujaa asiishi jikoni tu. Mpeni kazi yenye hesabu: upatu wa wanawake kumi, kila mmoja shilingi 20,000 kwa wiki, na zamu yake ni ya saba. Hapo una wiki sita za kungoja, laki mbili za kugombaniwa, na swali la nani atakimbia na fedha. Mpangilio mzima wa riwaya unaweza kusimama juu ya upatu huo.

#8 Ndaki_ya_Fasihi

Mama Ukili, upatu ni wazo zuri kuliko mapenzi ya pembe tatu yanayorudiwa kila siku.

Ningependa tuguse mwisho wa hadithi, kwa sababu hapo ndipo heshima kwa shujaa wa kike inapimwa. Fasihi yetu ina desturi ndefu ya kumwadhibu msichana aliyepotoka: mimba, maradhi, kifo, kisha onyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inachukuliwa na wengi kuwa ni onyo la namna hiyo kwa sababu Rosa anajiua. Tena iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Lakini isomeni tena mkiwa na kalamu. Kezilahabi ameanza na Zakaria, baba mlevi na mkali, na ule mkasa wa barua ya mvulana iliyomfanya ampige Rosa. Chanzo kimewekwa kabla ya kosa, na lawama zinagawanywa. Hicho ndicho kinachoitenganisha na hadithi ya mahubiri.

Kipimo changu ni hiki: mweke mwanamume mahali pake. Kama kaka yake angefanya tendo lilelile na hadithi ikamwacha aende zake, basi adhabu haikutoka kwenye matukio, imetoka kwa mwandishi.

#9 BintiShela

Ndugu Ndaki, nakubali nusu. Kipimo chako kinamtazama mwandishi, lakini jamii yenyewe haimwachi mwanamke aende zake. Nikiandika kwamba dada na kaka walilipa sawa, nitakuwa nimeandika nchi isiyokuwepo.

#10 Ndaki_ya_Fasihi

Sawa, dada, na wala wasilipe sawa. Ninachotaka ni kwamba hadithi ijue haikuwa haki. Katika Utengano, Maimuna anateseka, lakini Maksuudi naye anaporomoka, na kuporomoka kwake kunatokana na matendo yake mwenyewe. Mwandishi hakuwalinganisha, amehakikisha tu kwamba anayesababisha hatoki kwenye kitabu akiwa msafi. Unaweza pia kumwacha mkosaji atoke msafi, mradi awepo mtu mmoja ndani ya hadithi anayeliona hilo na kulitamka.

#11 BintiShela

Hapo tumeelewana. La mtu wa kulitamka ningeliongezea sharti: asiwe shujaa. Shujaa akijitetea mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho inakuwa hotuba. Awe jirani, au mtoto, au mtu aliyekuwa upande wa pili.

#12 MwalimuTamthilia

Nisisahau jukwaa, kwa sababu waandishi wetu wanawake wamefanya kazi kubwa sana huko. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) hakuweka shujaa mmoja. Ameweka wanawake wa kijiji kizima, nguzo moja iliyolala chini inayotakiwa kusimamishwa, na Bi Msimulizi wa kutuunganisha. Kila wanapokusanyika kuiinua, mmoja baada ya mwingine anavutwa na mzigo wa nyumbani kwake. Huo ni ufundi: lengo ni kitu kimoja kinachoonekana kwa macho tangu pazia linafunguka, na vizuizi ni vingi na tofauti. Anayetaka kuandika kikundi, kama kikoba, wodi ya wazazi au bweni la wasichana, aanze na kitu kimoja cha aina hiyo. Wahusika wasizidi wanane, na kila mmoja awe na kizuizi chake, si kivuli cha mwenzake.

Pauline Kea katika tamthilia ya Kigogo amefanya kinyume, amemsimamisha Tunu mbele. Soko la Chapakazi limefungwa, watu wa Sagamoyo wanaumia, na Tunu anapambana na Majoka, mtawala wao. Angalieni jinsi utawala unavyojaribu kumpata kwa njia zaidi ya moja: kuna kumtaka awe mke wa mwana wa mkubwa, kuna vitisho, kuna kuumizwa mwili. Adui mwenye akili huanza na zawadi. Waandishi chipukizi huanza na kipigo, halafu hawana pa kupanda tena.

Na Tunu hafanyi kazi peke yake, mwenzake Sudi yupo. Mwanamume anayemuunga mkono shujaa wa kike si tatizo. Tatizo huja anapomalizia kazi kwa niaba yake. Katika tukio la kilele, hakikisheni tendo la mwisho linaloamua mambo liko mikononi mwa shujaa.

#13 Chipukizi_Kigoma

Walimu wangu, shikamooni. Nimejifunza mengi. Naomba kujua, mtu anayeanza asome waandishi gani wanawake, na asomeje ili ajifunze kuandika badala ya kufuata kisa tu?

#14 KalamuNyekundu

Marahaba, mdogo wangu. Anza na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Mfuate Umu peke yake: mama ameondoka, baba amefariki, wadogo zake wanaibwa na mtumishi wa nyumbani. Andika pembeni kila mahali anapochagua jambo akiwa bado mtoto. Halafu Nguu za Jadi, ukimfuata Mangwasha na siri anazozipata kazini. Rudi nyuma kwa Zainab Burhani, Mwisho wa Kosa (1987), uone riwaya ya mahusiano inavyofungwa na kufunguliwa. Kwa kazi ya karne hii kutoka Tanzania, Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza ilishinda upande wa riwaya katika Tuzo ya Fasihi ya Kiafrika ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Mchanganye na Penina Muhando kwa ajili ya mazungumzo.

Namna ya kusoma: mara ya kwanza soma kwa raha, usishike kalamu. Mara ya pili, kwa kila sura andika mistari mitatu tu. Shujaa aliingia akitaka nini, alifanya nini, alitoka akiwa amepoteza au amepata nini. Riwaya ya sura 20 itakupa mistari 60, kurasa mbili za daftari, na mifupa ya kitabu yote itaonekana. Mara ya tatu chagua mandhari moja uliyoipenda, kurasa mbili au tatu, uinakili kwa mkono. Mkono huenda polepole kuliko jicho. Utagundua mwandishi alipofupisha sentensi na alipoacha kueleza. Nakala hiyo ni ya mazoezi, usiichapishe popote.

#15 Chipukizi_Kigoma

Asante sana. La mwisho: sura yangu ya kwanza inaanza shujaa akizaliwa, inaeleza utoto na shule, harusi inakuja ukurasa wa 14. Niiache?

#16 MhaririWaUsiku

Anzia siku ya mwisho ambayo bado angeweza kukataa. Kama kisa ni ndoa, anza asubuhi wajumbe wanapokuja na posa, chai imeshaandaliwa, na yeye bado hajaulizwa. Zile kurasa 13 za mwanzo usizifute, zihifadhi kwenye faili lingine. Zisome upya, uchague mambo matatu tu ya utotoni yanayoelezea atakachofanya asubuhi hiyo. La kwanza liweke kwenye ukurasa wa kwanza kwa sentensi moja, la pili kwenye mazungumzo na shangazi yake, la tatu lifiche hadi sura ya tano. Ukimaliza, hesabu vitenzi kama KalamuNyekundu alivyoelekeza kwenye #1, kisha utubandikie hapa kurasa tatu za mwanzo tuzipitie.